Tofali kwa Hekalu, Mbao kwa Mfalme: Ziara ya Burma Isiyohitaji Nauli

Wenzangu wa Elimu mnaijua kazi ile ya mbinu za kufundishia: andaa ziara ya kuongozwa ya mahali ambapo wanafunzi wako hawawezi kufika kwa basi la shule, kisha iendeshe darasani kwa ramani, picha na mdomo wako. Kwenye kundi letu wengi walikimbilia Misri na piramidi zake. Mimi nilichagua Burma, au Myanmar kama inavyoitwa rasmi tangu 1989. Sababu yangu ilikuwa ndogo tu: tangu utotoni nimesikia wazee wakisema fulani "alikwenda Bama", na hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha hiyo Bama kwenye ramani. Nauli ya kwenda huko sina, na bumu la muhula mzima halifiki hata nusu yake. Lakini ramani ninayo, vitabu vipo maktaba, basi twende.

Tunaanzia Yangon, ile Rangoon ya vitabu vya zamani, kwenye Shwedagon. Hii ni stupa yenye urefu wa karibu mita 100, imevikwa dhahabu kutoka juu hadi chini. Neno lenyewe lifafanuliwe mapema, maana wanafunzi watachanganya. Stupa ni jengo lililojaa ndani. Huingii, unalizunguka peku, mkono wako wa kulia ukiwa upande wa jengo. Hekalu ni kitu kingine: lina mlango, lina ujia, lina sanamu za Buddha ndani. Ukiishika tofauti hii, nusu ya Bagan umeshaielewa kabla hujafika.

Kuzunguka Shwedagon kuna vituo vya siku za kuzaliwa, na hapo wiki ina siku 8 kwa sababu Jumatano imekatwa vipande viwili, asubuhi na mchana. Aliyezaliwa Jumatatu anakwenda kwa chui milia, wa Alhamisi anakwenda kwa panya, anamwagia maji sanamu ya Buddha, anaomba. Kwa mila yao hata herufi inayoanza jina la mtoto hufuata siku aliyozaliwa. Hapa mwalimu unaweza kukaa chini ukapumzika: darasa lenye Juma, Jumanne, Hamisi na Mwajuma litajifundisha lenyewe. Na usiwapitishe bila kuwaonyesha watu waliomo kwenye picha. Wanaume wamevaa longyi, ambayo mtu wa pwani ataiita msuli bila kufikiri mara mbili. Wanawake na watoto wamepaka usoni thanaka, gome la mti lililosagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo. Bibi yeyote wa Unguja ataliona pale liwa lake.

Sasa kaskazini, Mandalay. Hapa ndipo ziara inapokuwa somo.

Wafalme wa Burma walikuwa wahamaji kwelikweli. Inwa ilikuwa mji mkuu tangu karne ya 14, kwa vipindi. Mwaka 1783 makao yakahamia Amarapura, yakarudi Inwa, yakarudi tena Amarapura, kisha mwaka 1857 Mfalme Mindon akaanzisha Mandalay. Yote hiyo ni miji ya jirani. Kiongozi wa watalii anaimaliza kwa siku moja na muda wa chakula cha mchana unabaki. Mtalii anapiga picha, anaandika "mji mkuu wa kale", anasonga mbele. Swali ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angeuliza ni rahisi kuliko hayo: mfalme anahamaje na jumba lake?

Analibeba. Jumba lilikuwa la mbao za mtiki, ule msaji wa watu wa pwani, mti ambao hauliwi na mchwa upesi na unaovumilia maji. Mindon alipohama Amarapura, majengo ya jumba yalifunguliwa, yakapakiwa juu ya tembo, yakasimamishwa upya Mandalay. Na mbao za jumba la zamani zaidi, lile la Inwa, zinasemekana ndizo zilizojenga daraja la U Bein lililoko Amarapura hadi leo: zaidi ya nguzo 1,000, urefu wa kama kilomita 1.2, katikati ya ziwa. Watu wanavuka na baiskeli zao jioni, na kumbe wanatembea juu ya ikulu.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Shwenandaw. Ilikuwa sehemu ya jumba la Mandalay, na Mindon alifia humo mwaka 1878. Mwanawe Thibaw hakutaka kuishi karibu na mahali pale, akaamuru jengo livunjwe, litolewe nje ya kuta za jumba, lijengwe upya kuwa nyumba ya watawa. Machi 1945, Waingereza na Wajapani walipopigana Mandalay, jumba lote liliteketea. Kile unachoonyeshwa leo ndani ya kuta kilijengwa upya miaka ya 1990. Shwenandaw ilipona kwa sababu ilikuwa imeshahamishwa, na michongo yake ndiyo karibu ushahidi pekee tulionao wa mbao za jumba lile zilivyokuwa.

Thibaw mwenyewe hakudumu. Novemba 1885 Waingereza waliingia Mandalay kwa mto, wakampandisha meli, wakampeleka Ratnagiri, India, na huko akafa mwaka 1916. Miaka 14 baada ya Mandalay wakamfanyia hivyo hivyo Kabaka Mwanga na Kabalega wa Bunyoro, safari hii kisiwa kikawa Shelisheli. Dola lilikuwa na bahari nyingi za kuwaficha wafalme.

Nirudi kwenye mbao. Kanuni ya Burma ya kale, ukiacha kuta za miji na majengo machache, ilikuwa hivi: tofali ni la dini, mbao na mianzi ni za watu, mfalme akiwemo. Aliyejenga stupa alijichumia thawabu za maisha yajayo, kwa hiyo alijenga kitu cha kudumu. Nyumba ya kulala ilikuwa ya maisha haya tu, na maisha haya yanapita. Matokeo yake, kila kinachosimama leo ni cha dini, na mtalii anaondoka akiamini kwamba Waburma walikuwa watu wa kusali kutwa kucha, wasiopika, wasiolima, wasiodaiana.

Tusicheke. Nilipokuwa TP niliona mada ya miji ya pwani ikifundishwa kwa majengo ya mawe peke yake: Husuni Kubwa ya Kilwa, msikiti mkuu, basi. Mwanafunzi mmoja aliyetoka nyumba ya miti na udongo aliuliza kama watu wa kawaida walikuwepo Kilwa wakati huo. Walikuwepo, tena ndio wengi, ila nyumba zao zilikuwa kama ya kwao. Hakuna ukurasa wa kitabu uliokuwa umemwambia, na sura yake ilionyesha kwamba alikuwa ameshajijibu vibaya zamani.

Kabla hatujapanda mashua, dakika tano Kuthodaw, chini ya kilima cha Mandalay. Mindon aliagiza maandiko yote ya Kibudha yachongwe juu ya mabamba 729 ya marumaru, kila bamba limewekwa kwenye kijumba chake cheupe. Watu hukiita kitabu kikubwa kuliko vyote duniani. Na kwa sisi wa Elimu kuna tunu nyingine: kwa Kiburma neno kyaung ni nyumba ya watawa na pia ni shule, kwa kuwa kwa karne nyingi watoto wa kiume walijifunza kusoma kwa watawa. Nasi neno chuo lilikuwa kitabu na darasa la Kurani kabla halijawa hapa tulipo.

Mto sasa. Ayeyarwady, ambao ramani za zamani zinauita Irrawaddy, una urefu wa zaidi ya kilomita 2,000, unakatiza nchi kutoka milima ya Kachin hadi deltani. Kutoka Mandalay kushuka Bagan ni safari ya siku nzima, na kiangazi inaweza kuzidi, maana maji yanapungua na mafungu ya mchanga yanahama. Mbele ya mashua anasimama kijana na mwanzi mrefu, anachoma maji kupima kina na kumpigia kelele nahodha. Ramani ya mwaka jana haimsaidii.

Mafungu hayo ya mchanga yana wenyewe. Maji yakishuka, wanakijiji wanahamia juu yake, wanajenga vibanda vya mianzi, wanapanda karanga na maharagwe kwenye tope jipya, wanavuna, na mto ukipanda wanakunja kila kitu wanaondoka. Tena majengo yasiyoacha alama. Kaskazini ya Mandalay kuna wavuvi wanaovua pamoja na pomboo wa mtoni: mvuvi anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kijiti, pomboo wanawasukuma samaki kuelekea kwake, yeye anarusha kimia, na wao wanajipatia wanaochanganyikiwa. Pomboo hao hawafiki 100 mto mzima. Elimu hii inarithishwa baba kwa mwana, pomboo kwa pomboo, na haina kitabu hata kimoja cha marumaru.

Zilikuwepo pia meli. Kampuni ya Waskoti, Irrawaddy Flotilla, ilianza 1865 na ikafikisha mamia ya vyombo. Mwaka 1942 Wajapani walipokaribia, wenyewe walizizamisha kwa makusudi zisitekwe. Chini ya maji haya kuna chuma kingi.

Kati ya Mandalay na Bagan, upande wa kulia, mto Chindwin unaingia. Mwalimu asimamishe mashua hapa, kwa sababu hii ndiyo Bama ya wazee wetu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za jirani, iliteremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa, kwenye malaria na tope la kumeza magari. Desemba walifika Kalewa, ukingoni mwa Chindwin, na hapo likajengwa daraja la vipande vya chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350, refu kuliko yote ya aina yake kwa wakati ule. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri kwa vikosi vyake vingi. Waliokufa wasiojulikana walipo makaburi yao wameandikwa kwenye nguzo za makaburi ya Taukkyan, nje kidogo ya Yangon, katikati ya majina karibu 27,000. Watalii wa mahekalu wachache hupelekwa huko, ingawa ni mwendo mfupi kwa gari.

Halafu Bagan. Uwanda mkavu, na matofali mekundu hadi macho yanapochoka. Kuanzia Mfalme Anawrahta, aliyeshika ufalme mwaka 1044, hadi mwisho wa karne ya 13, yalijengwa hapa maelfu ya mahekalu na stupa, na yaliyobaki ni zaidi ya 2,000. UNESCO iliuweka mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2019. Kiongozi atakupeleka Ananda, yenye sanamu nne za Buddha aliyesimama, kila moja ikitazama upande wake, na Dhammayangyi, jengo zito kuliko yote, ambalo ujia wake wa ndani umezibwa kwa matofali na hakuna anayejua kwa hakika kwa nini. Mitetemeko ya 1975 na 2016 iliangusha vilele vingi. Ule wa Machi 2025 ulipiga zaidi huku tulikotoka, Mandalay, Inwa na Sagaing. Maelfu ya watu walikufa, na daraja la zamani la Ava, la mwaka 1934, lililala mtoni.

Mwanahistoria Michael Aung-Thwin alijenga hoja kwamba thawabu ndizo zilizoidhoofisha Bagan: ardhi iliyotolewa kwa watawa haikutozwa kodi, kila kizazi kikatoa zaidi, na mfalme akabaki na mashamba machache ya kulipia jeshi. Wengine wanabishana naye, ila kwa darasa hoja hii ni dhahabu, kwa kuwa inawalazimisha wanafunzi kuuliza mashamba yalikuwa wapi na yalilimwa na nani.

Swali hilo lina ukali wake hata leo. Hadi 1990 palikuwa na watu wanaoishi katikati ya mahekalu haya, na soko lao na jikoni zao. Serikali ya kijeshi iliwahamisha kwa lazima hadi kwenye uwanja wa karanga kusini, panapoitwa New Bagan. Uwanda ukawa safi kwa ajili ya picha.

Kwa hiyo kipindi changu kinamalizikia kwenye jiwe la Myazedi, la mwaka 1113, ambalo lina maandishi yale yale kwa lugha nne: Kipyu, Kimon, Kipali na Kiburma. Wataalamu wanalipenda kwa sababu ndilo lililofungua Kipyu, lugha iliyokuwa imekufa. Mimi nalitumia kwa kilichoandikwa. Mwana wa mfalme anatoa sanamu ya dhahabu kwa ajili ya baba yake mgonjwa, na pamoja nayo anatoa watumwa wa vijiji vitatu. Nawagawia wanafunzi ramani ya Bagan yenye nukta za mahekalu tu, na kalamu ya risasi. Kazi ya kila kundi ni kuchora vijiji hivyo vitatu: visima, mashamba, tanuri za matofali, njia ya kwenda mtoni, na nyumba za mianzi zenyewe.