Shangazi Anajibu: Siri za Wahojiwa Zamkosesha Usingizi

Mdadisi mmoja wa Mbeya, binti wa miaka 27, ameiandikia safu hii. Kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba na kishikwambi, akiwahoji wanawake kuhusu vipigo na ubakaji. Siku hizi halali. Mchumba wake akipaza sauti, hata kama ni kwa ajili ya mpira tu, yeye hushtuka na kukimbilia chumbani.

"Nimeapa kutunza siri," anaandika. "Sasa Shangazi, nimwambie nani? Msimamizi anasema nijikaze kisabuni, mbona posho ni nzuri."

Shangazi anaanza na kiapo hicho, maana binti amekielewa kupita kilivyo. Alichoapa kutunza ni jina la mhojiwa, nyumba yake na mkasa wake. Woga, machozi na kukosa usingizi ni vya mdadisi mwenyewe, wala hakuna karatasi aliyosaini inayomkataza kuvisema. Mchumba anaweza kuambiwa kwamba kazi ya kusikiliza mateso imemwingia moyoni, na kwamba kukimbilia kwake chumbani hakumlengi yeye mchumba. Habari za mama fulani wa kijiji fulani hazihitaji kutajwa.

Wala binti hajidekezi. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 2013, unakubali kwamba mtu anaweza kuugua kwa kusikia kikazi, tena na tena, undani wa ukatili waliofanyiwa wengine. Mfano mmojawapo unaotolewa humo ni wa polisi wa kesi za watoto waliodhulumiwa.

Mbeya yenyewe ina historia katika tafiti za namna hii. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani, uliochapishwa 2005, ulionyesha kuwa asilimia 41 ya wanawake wa Dar es Salaam waliowahi kuwa na mwenza walikuwa wamepigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenza. Upande wa Mbeya ilikuwa asilimia 56. Kila jibu katika hesabu hizo lilipokelewa na mtu aliyeketi akasikiliza. Na kwa viwango hivyo, nani ataamini kwamba wadadisi wote walikuwa salama majumbani kwao? Hatari hiyo ilitambuliwa hata kabla ya hesabu hizo kuchapishwa: mwongozo wa maadili wa shirika hilohilo, wa 2001, unataka wadadisi wafundishwe mahususi, wakutanishwe mara kwa mara waongee yaliyowaelemea, na aliyezidiwa apewe kazi nyepesi au apumzike.

Kwa hiyo "jikaze" ya msimamizi haitoshi, na Shangazi anaiona ni uvivu. Binti aombe idadi ya mahojiano kwa siku ipunguzwe, na wiki moja akae ofisini kuhakiki madodoso. Aombe pia orodha ya mahali pa kuwaelekeza wahojiwa: dawati la jinsia la polisi, afisa ustawi wa jamii, kituo cha afya. Kinachomtesa mdadisi mara nyingi ni kufunga kishikwambi na kuondoka mikono mitupu. Hali ikipitiliza mwezi, aende hospitali ya rufaa amwone mtaalamu wa afya ya akili, na watakaomtania kuhusu Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, awaache na utani wao.

Msimamizi akisema bajeti haina fungu hilo, kuna kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti. Namba yake ya simu kwa kawaida huwa kwenye fomu ya ridhaa, ileile anayowasomea wahojiwa kila siku.