KHOFU YA KITI CHA MNG'OA MENO, NA HUKUMU YA HEWA YA KUCHEKESHA

Amma baad. Limetufikia swali kutoka Mkonze, katika jiji la Dodoma, kwa ndugu mmoja wa pwani aliyehamia huko kwa biashara. Asema gego limemtesa miezi minne, na kila aazimiapo kwenda kwa tabibu miguu humrudisha. Ameambiwa iko hewa ya kuvuta iondoayo khofu. Walakini sahibu yake amemwonya kuwa ni kileo. Auliza, je, yafaa?

Kwanza twasema khofu hii si aibu, wala si ya watoto peke yao. Twawajua wanaume wasioogopa bahari ya kusi, nao hutafuna karafuu na kusukutua maji ya chumvi mwaka mzima ili wasikikalie kile kiti. Karafuu hutuliza, haiondoi ubovu. Usaha wa gego la chini huweza kushuka chini ya ulimi hata shingoni, ulimi ukainuliwa na njia ya pumzi ikazibwa. Tabibu wa Kijerumani, von Ludwig, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1836, na hata leo huwaua waliochelewa. Kwa hiyo mwenye kungoja haihatarishi meno yake tu.

Ama hewa hiyo, jina lake ni naitrasi oksaidi, nayo ilipatikana na Mwingereza Joseph Priestley mwaka 1772. Mwaka 1799 kijana Humphry Davy aliivuta huko Bristol hali gego la akili likimuuma, akaona maumivu yapungua. Mwaka 1800 akaandika kwamba huenda ikawafaa matabibu wapasuao. Hapana aliyeshughulika. Watu wakaifanya mchezo wa kuchekea barazani miaka 44, hata usiku wa tarehe 10 Desemba 1844, katika mji wa Hartford, Marekani, mng'oa meno Horace Wells akamwona mtu aliyeivuta ameumia mguu wala hana habari. Kesho yake akaivuta yeye mwenyewe, na mwenzake John Riggs akamng'oa gego. Januari 1845 akaenda kuionyesha Boston. Mgonjwa akaguta, na Wells akazomewa. Maskini, jambo lake lilikuwa kweli.

Siku hizi haitumiwi kama alivyoitumia Wells. Mgonjwa huvikwa kifuniko puani, akavuta kwanza oksijeni tupu, kisha hewa hii huongezwa kidogo kidogo, aghlabu hata kufikia baina ya sehemu 30 na 50 katika 100. Mashine imeundwa isiweze kutoa oksijeni chini ya sehemu 30 katika 100, na hewa tuivutayo sote kila siku ina 21 tu. Mgonjwa huhisi vidole vyawashawasha, mwili wapata joto, na khofu iko mbali kama kelele za nyumba ya tatu. Akiitwa huitika; akiambiwa afunue kinywa hufunua. Ndipo hupigwa sindano ya ganzi, kwani hewa ni ya khofu, na sindano ndiyo ya maumivu. Kazi ikisha huvuta oksijeni tupu kama dakika 5, na ile hewa hutoka kwa pumzi kama ilivyoingia.

Sasa, ni kileo? Hatutaki kulikwepa swali. Al-Qarafi, aliyefariki mwaka 684 wa Hijra, alipambanua kitu kileweshacho kwa kuleta furaha na kitu kinacholaza tu. Na hewa hii huleta furaha, jina lake lashuhudia. Basi mwenye kuivuta kwa mchezo hatumwoni kuwa na udhuru. Wako vijana wa Ulaya waivutao katika maputo hata neva za miguu zikaharibika, kwa kuwa huibatilisha vitamini B12 mwilini, na Uingereza ilipiga marufuku jambo hilo Novemba 2023.

Lakini dawa ina hukumu yake. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu an-Nawawi alitaja mkono uliooza usioweza kukatwa ila akili iondolewe kwa dawa, akaona lililo sahihi ni kujuzu. Ikiwa kuiondoa akili yote kwajuzu kwa haja, basi kuituliza hali ingali mahali pake ni aula zaidi. Sharti ni haja. Ambaye khofu yake yatulizwa na maneno ya tabibu mpole, na atosheke na sindano. Ambaye amekwisha rudi mlangoni mara tatu, huyo haja yake twaiona ni ya kweli.

Udhu wa aliyebaki na akili yake hautenguki kwa hewa hii. Mwenye shaka atawadhe, na kila mmoja aoshe damu kinywani kabla ya kusali. Kuhusu saumu, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliamua Jiddah mwaka 1997 kwamba hewa za kutia ganzi hazifunguzi, maadamu mgonjwa hakupewa maji ya kulisha mwili. Wala kung'oa jino hakufunguzi, akijihadhari asimeze kitu.

Mashine hii haipo kila hospitali, basi na aulize kabla ya siku yenyewe, na ikikosekana akubali sindano. Amweleze tabibu kama pua imeziba, au ana maradhi ya mapafu, au alipasuliwa jicho au sikio karibuni. Na mke mwenye mimba changa asipewe. Asile chakula kizito kabla ya kwenda, wala asishike usukani mpaka tabibu amruhusu.