Pasaka Hii, Twende Moshi au Tusiende?

Kwaresima ikifika ukingoni, swali hili huzunguka katika nyumba nyingi za Dar es Salaam. Ijumaa Kuu ni mapumziko, Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko, gari lipo uani, na mama yuko Marangu, Moshi, anauliza kwenye simu kama safari hii atawaona wajukuu. Twende? Mimi ni mtu wa kwenda. Kumwona mzazi hakuna bei. Ila siku nne zina mwisho wake, na uamuzi huu unastahili kufanywa kwa kichwa kilichotulia, si saa tatu usiku wa Alhamisi mabegi yakiwa mlangoni. Nimechukua safari ya Moshi kwa kuwa ndiyo wengi wanayoiwaza. Anayekwenda Iringa au Tanga abadilishe majina ya vituo tu.

1. Hesabu saa za kukaa, kilomita baadaye.

Dar hadi Moshi ni kiasi cha kilomita 550. Ukiongeza vibao vya 50 katika kila kijiji, malori, chakula cha mchana na watoto wanaotaka kujisaidia kila baada ya saa mbili, weka saa kumi, na usishangae zikifika kumi na mbili. Ijumaa imekwisha hiyo. Jumatatu nayo itakwisha hivyohivyo wakati wa kurudi. Umebakiwa na Jumamosi na Jumapili, siku mbili kamili, na hizo zinatosha.

Kanuni yangu ni hii: safari inafaa kama itakupa angalau siku mbili ambazo dereva hagusi usukani kabisa. Moshi inapita. Tanga, kiasi cha kilomita 350, inapita bila wasiwasi. Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kwa siku nne naiona ngumu mno, labda uombe ruhusa kazini Alhamisi au Jumanne. Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100? Subiri likizo.

2. Nani ataendesha, na alilala saa ngapi?

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Mpango unaopendwa na wengi ni kutoka kazini Alhamisi, kuoga, kula, kisha kuondoka saa nne usiku ili "barabara iwe nyeupe". Mtu huyo ameamka saa kumi na moja alfajiri, amekaa kwenye foleni ya asubuhi na ya jioni, na sasa anatakiwa awe macho hadi alfajiri nyingine. Naomba usifanye hivyo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakata zaidi ya mita 60 katika sekunde tatu. Sekunde tatu ndiyo muda wa kope kushuka na kupanda kwa mtu aliyechoka, wala mwenyewe hatajua kwamba alisinzia.

Kufungua dirisha hakuondoi usingizi, na muziki wa juu hauondoi pia. Kahawa husaidia kidogo, nayo huchukua kama nusu saa kabla ya kuanza kufanya kazi. Kinachoponya usingizi ni kulala. Ukihisi macho mazito, ingia kituo cha mafuta chenye taa na watu, laza kiti, lala dakika 20.

Na usiku una mambo yake mengine. Lori lililoharibika linaachwa nusu barabarani, halina taa, halina pembetatu, limewekewa matawi ya miti tu nyuma yake. Mchana matawi hayo unayaona kwa mbali na kupunguza mwendo. Usiku unayaona ukiwa umeshayakanyaga.

Kama dereva ni mmoja, aondoke Ijumaa alfajiri baada ya kulala usiku mzima. Kama hilo haliwezekani, jibu lako umeshalipata: msiende na gari.

3. Pasaka ni masika.

Sikukuu hii huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, katikati kabisa ya mvua ndefu. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa mikoa yote unayopita, kwa maana ukavu wa Kibaha hauna habari na Same. Kisha mpigie simu mtu aliyepo nyumbani, umwulize njia ya kutoka lami hadi getini ikoje wiki hii. Kilomita 550 za lami hushindwa na kilomita tatu za utelezi. Kama gari litabidi lilale kwa jirani na ninyi mpande mlima kwa miguu mkiwa na bibi mgonjwa wa magoti, ni heri mjue mapema.

4. Gari liende gereji Jumatatu, si Alhamisi.

Gari lililotoka kwa fundi lipewe siku mbili tatu za kuzunguka mjini. Boliti isiyokazwa vizuri ijioneshe Ubungo, isijioneshe kwenye pori kati ya Mombo na Same. Tazama breki, feni belti, maji ya rejeta, wipa, jeki na tairi la akiba.

Tairi soma umri wake. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri huku mpira wake umezeeka, na joto la safari ndefu ndilo linalolipasua.

5. Fanya hesabu ya fedha kwa karatasi.

Kwenda na kurudi ni kilomita 1,100. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakula lita 110, bila mizunguko ya huko. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo zidisha kwa bei ya mwezi huo. Ongeza chakula cha njiani. Ongeza faini: ukipigwa tochi ni shilingi 30,000 kwa kosa, na barabara hiyo ina vibao vya 50 vingi. Ongeza sukari, mchele, sabuni na kitenge cha shangazi, kwa sababu mikono mitupu haiingii nyumbani. Jumla hiyo ikila ada ya shule, hapo tena hakuna sikukuu.

6. Jiulize ni nini kinachokuita.

Ubatizo, kipaimara, harusi iliyosubiri Kwaresima ipite, mzee anayeumwa: hayo hayahamishiki, nenda. Ikiwa sababu ni kwamba majirani wote wanakwenda, angalia kalenda tena. Juni shule zikifungwa, mama huyohuyo anaweza kukaa na wajukuu wiki mbili.

7. Gari si njia pekee.

Wawili kwenye gari la viti vitano, basi litawapunguzia gharama na uchovu. Kata tiketi mapema kwenye ofisi ya kampuni yenyewe au kwa mtandao, na linganisha na nauli iliyopangwa na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini. Mkesha wa sikukuu pale kituo cha mabasi cha Mbezi si siku ya kujadiliana bei na mpiga debe. Anayekwenda Morogoro au Dodoma ana treni ya SGR tangu mwaka 2024. Sioni kwa nini aendeshe.

8. Mkiamua kwenda.

Tokeni saa kumi na moja alfajiri. Wanaokaa Tegeta na Bunju wapite Bagamoyo hadi Msata. Kipande hicho cha kilomita 64 kinawakwepesha Mlandizi na malori ya Chalinze. Pumzikeni Korogwe, mnunue machungwa, mnyooshe miguu hata kama hakuna aliyechoka. Kurudi, ondokeni Jumatatu mapema vilevile, kwa kuwa jioni yake nchi nzima inaingia Dar kupitia Kibaha. Bora zaidi ni kuomba Jumanne kazini na kurudi siku hiyo.

9. Wekeni siku ya mwisho ya kuamua.

Iwe Jumanne usiku. Baada ya hapo mbuzi ataanza kutafutwa na vitanda kuazimwa. Mkiamua kubaki, mpigie mama mwenyewe simu, usimwachie ujumbe wala kumtuma kaka. Mtajie tarehe mtakayokuja, na umtumie hela ya sikukuu kabla ya Ijumaa ili awahi soko la Jumamosi.