Kunasa Programu Zinazokufa Kabla Hujaziona

Barabara ya TANZAM inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Dereva wa mchana huwaona wanyama aliowakuta tu. Nyati aliyevuka alfajiri ameacha nyayo. Amri ya top ni kama dereva huyo. Huchungulia kila baada ya sekunde 3, na mchakato uliozaliwa ukafa ndani ya nusu sekunde huupati kwenye orodha yake.

Hayo yalinikuta kwenye seva ndogo ya Linux mjini Kilosa. Feni inavuma, mashine imelemewa, top haimtaji mlaji. Ukifika hapo, usianze kuzima programu kwa kubahatisha. Hesabu kwanza:

grep processes /proc/stat; sleep 10; grep processes /proc/stat

Toa namba ya kwanza kwenye ya pili, upate michakato na nyuzi zilizoanzishwa katika sekunde hizo 10. Kwangu ilikuwa mamia, na hakuna aliyekuwa akiitumia mashine.

Sasa zinase programu hizo:

sudo apt install bpfcc-tools linux-headers-$(uname -r)
sudo execsnoop-bpfcc -T

Chombo hiki, execsnoop, hakichungulii kwa zamu. Kerneli yenyewe hukipa taarifa kila programu inapoanzishwa. Mistari ikaanza kushuka: date, ping, grep, awk, kisha date tena. Usihangaike na majina hayo. Tazama safu ya PPID, yaani namba ya mzazi, uifuatilie kwa ps -fp na namba hiyo. Kama mzazi naye keshakufa, mtafute humo humo kwenye mistari ya juu, kwa safu ya PID. Wa kwangu alikuwa skripti ya kupima mtandao iliyozunguka bila kupumzika. Nikaiongezea sleep 30, feni ikanyamaza.

Kumbuka kwamba execsnoop haioni mchakato unaojigawa bila kuita programu mpya. Tena vifurushi vyake ni vizito kwa mwenye bando dogo.

Kwa tatizo la usiku napendelea acct, ambayo ni nyepesi mno:

sudo apt install acct
sudo accton on

Asubuhi andika lastcomm. Utaona jina la kila programu iliyomaliza kazi, mtumiaji wake na saa iliyoanza, ila si maelezo iliyopewa ilipoitwa. Ukishampata mhusika, andika sudo accton off, maana faili la kumbukumbu huzidi kukua na diski ndogo inaweza kujaa.