SOMO: KARAMA ZA ROHO ZATOKA WAPI?

Soma: Matendo 8:1-24, 1 Wakorintho 12



Katika vikundi vya maombi kuna swali linalorudi: je, karama tuliyokuwa nayo nyumbani imebaki kule? Mama aliyeongoza kwaya Yei, mzee aliyefundisha Neno kule Kongo, tangu wafike Omugo wamenyamaza. Husema, "Sina kanisa, hata cheti kiliungua." Cheti kiliungua, ni kweli. Lakini si cheti kilicholeta karama.

Neno ambalo Paulo analitumia kwa Kigiriki ni charisma, nalo latoka katika charis, yaani neema. Basi karama si mshahara wa kufunga siku nyingi, wala si tuzo ya utakatifu. Wakorintho waligombana, na wengine walilewa penye meza ya Bwana (1 Kor. 11:21), hata hivyo karama hazikuwapungukia (1:7). Jambo hili hutushangaza hata sisi wachungaji! Ni Roho mwenyewe anayeamua nani apewe nini (12:11), na mgao wake hauulizi kadi.

Tumtazame Filipo. Kazi yake ya kwanza Yerusalemu ilikuwa kusimamia mgao wa chakula cha wajane (Mdo. 6:1-6). Stefano alipouawa, waamini walitawanyika, na Filipo akafika Samaria akiwa mkimbizi. Huko alihubiri, na viwete wakatembea. Karama haikubaki Yerusalemu, kwa sababu Mtoaji hakubaki Yerusalemu.

Huko huko Samaria alikuwapo Simoni. Huyu alikuwa ameamini na kubatizwa, tusisahau. Alipoona Roho akitolewa kwa kuwekewa mikono, alileta fedha ili naye apate uwezo huo. Petro alimkemea vikali.

Hapa tuseme wazi. Wako wanaopita katika vijiji vyetu wakidai "mbegu" kabla ya kuombea mgonjwa, au wakiuza mafuta ya upako. Mama anauza unga wa watoto ili apate unabii. Ndugu, sadaka ni halali, nasi twaipokea kanisani. Bali bei ya karama haipo, na anayeitaja bei anauza kisicho chake. Usimpe unga wako.

Tena tusitafute karama kwenye maikrofoni tu. Paulo anahesabu pia karama ya kusaidia (1 Kor. 12:28). Omugo ilipofunguliwa mwaka 2017, maji yaliletwa kwa malori. Aliyembebea bibi asiye na nguvu jerikani yake, tukamwita kijana mwema tu, hatukufikiri kwamba Roho alikuwa kazini pale kwenye foleni.

Jumatano tutasoma Matendo 8 pamoja. Kila mmoja aje na jina la jirani yake na karama aliyoiona kwake. Ya kwako mwenyewe waachie wengine waitaje.