Chuma cha Pili Nyumbani: Ni cha Nani?

Siku hizi si ajabu kuingia katika nyumba ya mume na mke ukakuta chumba kimoja, au kona ya gereji, imejaa benchi, vyuma na pleti za kunyanyua. Zamani tuliwaona vijana tu, nyuma ya nyumba, wakiinua bomba lililotiwa mikebe miwili ya saruji. Leo bwana na bibi huamka pamoja saa kumi na moja alfajiri wakafanya mazoezi kabla ya watoto kuamka. Ni jambo jema. Lakini hata jambo jema huweza kuleta kununiana mezani, na kununiana tunakozungumzia leo kunatokana na chuma cha pili.

Nawafahamu wenzi wawili waliotumia chuma kimoja kwa miaka mitatu. Kilikuwa cha bwana tangu ujana wake. Bibi alianza kukishika baada ya mtoto wao wa pili, kwanza kwa woga, baadaye kwa bidii. Kila asubuhi ikawa ni kungojana. Bwana ameweka kilo 100, bibi anataka 35, basi pleti zitolewe, zirudishwe, zitolewe tena, na huku saa ya kwenda kazini inakaribia. Walipotimiza miaka kumi ya ndoa bwana akaleta zawadi: chuma kipya. Bibi alikishika, akavitazama viganja vyake, akashukuru. Baada ya wiki mbili kilikuwa kimeanikwa taulo na kanga.

Kosa lilikuwa wapi? Chuma chenyewe kilikuwa kizuri kweli. Lakini kilikuwa cha kilo 20, unene wake milimita 29, nacho kimechongwa chale kali za kung'ata kiganja. Ni chuma ambacho bwana mwenyewe alikuwa akikitamani kwa muda mrefu. Alimnunulia bibi zawadi yake yeye. Usicheke, msomaji. Wako akina baba walionunua redio kubwa wakasema ni ya mama, na wako akina mama walionunua mapazia wakasema ni ya baba.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, ketini wawili mjiulize: hiki cha pili kitafanya kazi gani ambayo cha kwanza hakiwezi? Kama jibu ni kwamba nyote mnanyanyua uzito unaokaribiana na kinachowachosha ni foleni tu, basi nunueni cha namna ile ile. Lakini kama mmoja wenu ana mikono midogo au bado anaanza, msinunue pacha wa kile cha kwanza.

Hapa ni vizuri kujua vipimo. Chuma cha mashindano cha wanaume kina kilo 20, urefu wa mita 2.2, na pale pa kushika unene wake ni milimita 28. Cha wanawake kina kilo 15, urefu wa mita 2.01, na unene wa milimita 25. Wanawake walianza kushindana kunyanyua vyuma katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, na hicho ndicho wanachotumia. Milimita tatu ni kitu gani, utauliza? Mpe mkeo kikombe kisha mpe jagi, umwambie akishike kila kimoja kwa vidole vyote vikutane. Mkono mdogo kwenye chuma kinene hufunguka kabla mgongo na miguu haijachoka. Mtu akadhani hana nguvu, kumbe chuma hakikumfaa.

Na zile kilo tano? Kwa bwana anayesukuma 100 si kitu. Kwa bibi anayejifunza kusukuma mzigo juu ya kichwa, kilo 20 tupu bila pleti hata moja huenda ikawa nyingi. Akianza na 15 ana nafasi ya kuongeza kidogo kidogo, na huko kuongeza ndiko kunakomfanya arudi kesho.

Habari njema ni kwamba vyuma hivi viwili hutumia pleti zile zile. Zile ncha nene zinazobeba pleti zina milimita 50 kwa vyote viwili. Tena nafasi iliyopo kati ya ncha na ncha ni sentimita 131 kwa vyote, hivyo stendi inayobeba cha bwana itabeba na cha bibi. Tofauti ya urefu iko kwenye ncha zenyewe, ambazo kwa chuma cha wanawake ni fupi zaidi. Lakini jihadharini. Madukani kuna vyuma vifupi vya mita moja na nusu, vyepesi na vya bei ya kuvutia, ambavyo havifiki nguzo zote mbili za stendi. Na kuna vingine vya tundu dogo, la kama inchi moja. Pleti za milimita 50 zitacheza humo kama gurudumu lililolegea. Chukueni tepu ya fundi, mpime stendi yenu na tundu la pleti zenu, mwandike kwenye karatasi, kisha ndipo mwende.

Pimeni na chumba pia. Chumba cha mita tatu kikiwekwa chuma cha mita 2.2 katikati, kila upande hubaki sentimita 40 za kusimama na kutia pleti. Cha mita 2.01 huacha karibu nusu mita. Aliyewahi kugonga ukuta wa nyumba ya kupanga akadaiwa na mwenye nyumba anaelewa ninachosema.

Sasa tuje kwa jambo ambalo wengi hulisahau kabisa: pleti. Mkinunua chuma cha pili na pleti ni zile zile za zamani, mmenunua fimbo. Fanyeni hesabu. Bwana akitaka kilo 100 kwenye chuma cha 20, anahitaji pleti za kilo 80. Bibi akitaka 35 kwenye cha 15, anahitaji za kilo 20. Jumla ni kilo 100 za pleti, nazo zigawanyike sawasawa pande mbili za kila chuma. Kama nyumbani mna kilo 80 tu, afadhali mtenge sehemu ya fedha kwa pleti ndogo ndogo, hasa za kilo 1.25 na 2.5, ambazo bibi atazihitaji kila wiki.

Vipi kama mwenye shida ni bwana? Baba mwenye mgongo unaolalamika, au aliyewahi kuumia kiuno, anaweza kufaidika na kile chuma cha pembe sita ambacho mtu husimama ndani yake akashika vishikio vilivyo kando ya miguu. Mzigo hukaa karibu na mwili badala ya kuwa mbele yake. Kwa anayeumwa na vifundo vya mikono kuna kile kilichopindwa mawimbi, kifupi, cha kukunja mikono. Hivi vyote ni vizuri, lakini kila kimoja kina kazi chache. Na kama mgongo unauma kweli, dawa ya kwanza ni daktari, duka la vyuma lifuate. Vivyo hivyo mama aliyejifungua, na zaidi aliyefanyiwa upasuaji: asianze kunyanyua mpaka aliyemhudumia amruhusu, hata kama chuma ni chepesi namna gani. Bwana, usimharakishe.

Huenda unawaza kumpa fundi wa jua kali kazi hii. Mafundi wetu hutengeneza benchi na stendi imara, na mimi mwenyewe nimekalia benchi ya namna hiyo bila hofu. Lakini chuma cha kubebea mzigo ni jambo lingine. Bomba la maji lina uwazi ndani. Likipindwa na uzito halirudi. Tena ncha zake zimechomelewa, hazizunguki, basi pleti zikitaka kuzunguka huvuta vifundo vya mikono yako. Ukinunua kilichotumika, kiweke juu ya stendi ukizungushe taratibu na kutazama katikati yake. Kikiyumba kama mkia, kimepinda, kiache. Halafu zungusha ncha zake kwa vidole. Nyingine zina bushi, nyingine zina beringi. Kwa mazoezi ya kawaida ya nyumbani bushi zinatosha kabisa, na muuzaji asikutishe.

Wasomaji wa Mombasa, Malindi na Lamu wana adui wa ziada, nayo ni hewa ya chumvi. Chuma kitupu kisichopakwa kitu kitashika kutu upesi. Tafuteni kilichotiwa kromu, au mkiweza cha chuma kisichoshika kutu, ambacho bei yake ni kubwa lakini hununuliwa mara moja. Popote mlipo, pangusa jasho kila mnapomaliza, na mara kwa mara sugueni kwa brashi ngumu kisha mpake matone ya mafuta ya cherehani. Kazi hii isiachiwe bibi peke yake kwa kuwa eti ni ya usafi.

Kuna mistari midogo iliyochongwa juu ya chuma kuonyesha pa kuweka mikono. Kwa vyuma vya kunyanyua juu ya kichwa, mistari iko umbali wa sentimita 91. Kwa vile vya kusukuma mzigo mkiwa mmelala kwenye benchi ni 81. Ukibadilisha chuma bila kujua, mikono yako itakuwa imetanuka sentimita tano kila upande, na utashangaa kwa nini bega linauma.

Na watoto, je? Chuma kisichotumika kilazwe chini, au kiwekwe mahali pa kukifungia. Kisiegemezwe ukutani. Mtoto wa miaka mitatu huvuta chochote kinachosimama.

Wale wenzi wangu walirudi dukani wote wawili safari hii. Muuzaji alikubali kubadilisha, nao wakachukua cha kilo 15. Bibi ndiye aliyekijaribu, bwana akashika mkoba. Fedha iliyobaki walinunua pleti za kilo 1.25, nne. Kile cha unene wa milimita 29 bwana bado anakitamani, na bibi amesema wataanza kuweka akiba yake mwezi wa Januari, baada ya karo.