Kutoka Gari Dogo Hadi Vani

Tukinunua vani ya kupeleka viazi kutoka Molo hadi soko la Nakuru, usukani tunampa yule aliyezoea gari dogo. Barabara anaijua, vani bado. Basi tujifunze pamoja.

Kwanza, kuona nyuma. Magunia yakijaa, kioo cha ndani hakionyeshi kitu. Tutumie vioo vya pembeni. Na kabla ya kurudi nyuma uani, mmoja wetu ashuke aangalie watoto.

Pili, mzigo. Magunia mazito yakae chini, yafungwe kamba. Yakipangwa juu juu, vani huyumba kwenye kona na yaweza kupinduka.

Tatu, mteremko. Barabara kuu ya kushuka Nakuru hupita Sachangwan, Migaa na Salgaa. Hapo Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana, wakafa watu zaidi ya 30. Tuingize gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, injini isaidie breki. Wengine hutoa gia ati kuokoa mafuta. Breki zikibaki peke yake hupata moto, mwishowe zinakataa kushika. Tukumbuke pia: mwendo ukiwa mara mbili, breki zahitaji nafasi mara nne kusimamisha gari.

Tujadiliane: mnunuzi anapotuharakisha, nani kati yetu atamwambia dereva apunguze mwendo? Tumchague leo, na dereva akubali kumsikiliza.